Mama Mwenye Makovu kwenye Barabara ya Arusha

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kibosho, na hadi anafariki alikuwa na kisa kimoja alichokirudia kila tulipokaa jikoni kwake kumenya ndizi. Alikuwa binti mdogo, enzi za vita vya Hitler. Siku hiyo alishuka na mama yake hadi stesheni ya Moshi kuwauzia abiria ndizi mbivu. Treni ikasimama. Madirishani walikuwa wazungu, wanawake na watoto, wanaume hakuna, na wote wamekonda kama watu waliotoka kuugua. Mama mmoja alinyoosha mkono nje, na kwenye kiwiko cha mkono huo alikuwa amezungusha rozari. Bibi aliijua rozari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Kibosho tangu 1893. Asichokijua siku ile ni kwamba mzungu naye huona njaa. “Mama akampa chane zima, wala hakudai senti,” alimalizia bibi kila mara, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Aliwaita Wapolandi. Walikuwa wanakwenda Tengeru.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa Częstochowa kusini mwa Polandi, nilisimama mbele ya picha ambayo naamini yule mama wa dirishani aliiona kila alipofumba macho. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni la safari nyingine, fupi sana: kutoka kwetu Bomang'ombe hadi Tengeru, kilomita zipatazo 40. Nimeipita barabara hiyo tangu utotoni. Sikuwahi kuisafiri.

Nianze na Częstochowa, maana ndiko njia hii inakoanzia, hata kama walioipita hawakuwa wakaazi wa mji huo. Nilikuwa Kraków kwa masomo mafupi, na Jumamosi moja ya Agosti nikapanda treni. Ukitoka stesheni unaingia kwenye barabara ndefu iliyonyooka, miti huku na huku, yenye jina la Bikira Maria, na mwisho wake unaona mnara wa kanisa wenye urefu wa mita 106. Mahali hapo huitwa Jasna Góra, yaani Mlima Mng'avu. Mtu aliyekulia wilayani kwetu Hai huutafuta mlima wenyewe asiuone. Kilima kile hakifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari, ilhali uwanja wetu wa ndege wa KIA, tunaouhesabu kuwa uko tambarare, upo mita 894. Lakini nilipowaona waliokuwa wanaupanda, habari ya kimo ilinitoka kichwani. Makundi yalikuwa yanaingia kwa miguu, moja baada ya jingine, mengine yametembea siku tisa kutoka Warsaw. Hija hiyo ya miguu ilianza 1711, baada ya tauni kuupiga mji mkuu huo. Vijana wenye magitaa, masista, wazee waliofungwa bandeji vidoleni. Walipofika mbele ya kuta za monasteri, walilala kifudifudi. Walikaa hivyo kwa muda, bila kusema, kisha wakainuka wakiimba.

Ndani ya kikanisa cha picha nilibanwa na umati hadi nikashindwa kuinua mkono kufanya ishara ya msalaba. Kuta zimejaa vitu vilivyoachwa na watu: mioyo ya fedha, rozari, magongo ya waliokuja wakichechemea wakaondoka bila kuyahitaji. Picha ina kifuniko cha madini kinachopandishwa na kushushwa kwa saa zake, na kinapopanda hupigwa tarumbeta na ngoma. Nilikuwa nimewahi kuiona picha hiyo kwenye kadi ndogo za maombi. Hiyo haikunitayarisha. Imechorwa juu ya ubao, kimo chake kama mita moja na robo, na mapokeo yanasema ubao huo ulikuwa meza ya Familia Takatifu na mchoraji ni Mtakatifu Luka. Uso wa Mama ni kahawia iliyokolea, karibu na weusi, na Wapolandi wenyewe humwita Mama Mweusi. Shavuni mwake, upande wa kulia, kuna makovu mawili marefu.

Watawa wanaoitunza, Wapaulini, waliletwa kutoka Hungaria mwaka 1382 na Władysław, mtawala wa Opole, na picha ikafika miaka miwili baadaye. Mwaka 1430, wakati wa Pasaka, wanyang'anyi walivamia, wakapora vito vilivyoipamba, wakaukata uso wake kwa upanga. Mfalme Jagiełło aliwaita mafundi Kraków waitengeneze. Waliirudishia rangi na sura, lakini makovu yakabaki, na tangu hapo kila anayeinakili huyanakili pamoja na uso. Nilimwona msichana wa miaka kama sita, amebebwa mabegani na baba yake, akijichora shavuni kwa kidole mistari ile ile miwili huku akiitazama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Yapo mengine mengi ya kusimuliwa kuhusu mahali hapo. Mwaka 1655 jeshi la Uswidi lililokwisha kuiteka karibu nchi yote liliizingira monasteri, na Padre Augustyn Kordecki, mkuu wa watawa, akagoma kuitoa; wazingiraji wakaondoka mwishoni mwa Desemba. Mwaka uliofuata mfalme Jan Kazimierz alimtangaza Maria kuwa Malkia wa Polandi. Na kati ya 1795 na 1918, Polandi ilipofutwa kwenye ramani na kugawanywa na majirani zake watatu, watu waliendelea kutembea kwenda kwa Malkia wa nchi isiyokuwepo. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalihitaji ili kumwelewa mama wa treni. Katika hazina ya monasteri zipo rozari zilizofinyangwa kwa mkate na wafungwa. Mtu mwenye njaa anachukua mkate wake, anaufinyanga shanga hamsini na tisa, halafu hauli.

Sasa njia yenyewe.

Tarehe 17 Septemba 1939, wiki mbili na siku chache baada ya Wajerumani kuivamia Polandi kutoka magharibi, jeshi la Usovieti liliingia kutoka mashariki. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi kali, ulianza uhamisho. Askari waligonga milango wakati watu wamelala. Familia nzima nzima zilipewa muda mfupi wa kukusanya vitu, zikapakiwa kwenye mabehewa ya kubebea ng'ombe, zikapelekwa Siberia, kaskazini ya Urusi na, katika mikupuo iliyofuata, Kazakhstani. Walikuwa mamia ya maelfu. Akina mama walishona picha takatifu ndani ya nguo, wakaficha medali kwenye mafurushi ya watoto. Wengi walikufa msituni wakikata magogo, wengi zaidi kwa njaa na homa.

Juni 1941 Hitler aliigeukia Usovieti, na aliyekuwa adui wa Wapolandi akahitaji msaada. Kwa makubaliano ya Julai mwaka huo waliohamishwa wakaachiwa, na Jenerali Władysław Anders, aliyekuwa kifungoni Moscow, akaanza kuunda jeshi. Watu walitembea, wakadandia treni, wakashuka kusini kutafuta jeshi hilo kwa sababu palipo na jeshi pana chakula. Mwaka 1942 zaidi ya 110,000 walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Uajemi, askari na raia pamoja. Wanaume walikwenda vitani. Ndio waliokuja kupandisha bendera yao Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Wanawake, wazee na watoto walibaki bila pa kwenda. Waingereza wakawatafutia nafasi katika makoloni, na wapatao 18,000 wakaletwa Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, Rodesia zote mbili, na kwetu Tanganyika Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, yenye watu karibu 5,000.

Wawe wameshukia Tanga au Mombasa, reli zile mbili hukutana Kahe, na kutoka Kahe treni lazima ipite Moshi. Ndipo ilipomkuta bibi yangu na kikapu chake.

Nilichagua Jumatano kwa sababu ni siku ya soko Tengeru, na magari hayakosekani. Stendi ya Bomang'ombe asubuhi ina vumbi la tambarare ya Sanya na harufu ya chapati. Watu wa Machame na Masama wanashuka na mizigo ya mboga, Wamaasai wanapanda kutoka upande wa maji moto ya Chemka. Jina la mji linajieleza lenyewe, ni mahali palipofungiwa ng'ombe. Kijana mmoja alikuwa anaita abiria wa Arusha, “Mama ingia, mama, siti ya dirishani ipo,” na nikakaa dirishani.

Reli hatukuiona. Inapita kusini ya mji, chini huko Rundugai, halafu inaelekea Usa River. Lakini ardhi ni ile ile waliyoitazama wao, nyasi kavu, migunga, Kilimanjaro nyuma ya bega la kulia na Meru mbele. Nilijaribu kuiona kwa macho ya mtu aliyetoka kwenye theluji ya Siberia miaka miwili tu nyuma, akaona theluji tena, safari hii juu kabisa, mahali isikoweza kumdhuru.

Hapo kati ya milima miwili, nikiwa na simu mkononi na daftari magotini, ndipo njia yangu ilipokutana na njia nyingine ambayo sikuwa nimepanga kuiandika.

Kutoka Bomang'ombe kuna barabara inayopanda kulia kwenda Sanya Juu. Ukanda huo wa ardhi kati ya Kilimanjaro na Meru serikali ya Waingereza iliutolea macho mara tu vita vilipokwisha. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson alikamilisha ripoti yake ya ardhi ya Arusha na Moshi, akapendekeza mashamba ya walowezi wa kizungu katika ukanda huo yaunganishwe kuwa eneo moja lisilokatizwa. Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima wao, walikuwa katikati ya mchoro huo. Novemba 1951 askari waliwafikia. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Waliambiwa wakae King'ori, bondeni, kwenye joto na malaria. Walikataa.

King'ori tuliipita dakika chache baada ya njia panda ya KIA. Konda alipiga mluzi, gari likasimama, akashuka mama mmoja na ndoo ya plastiki. Ni hivyo tu. Nilimtazama mpaka alipovuka barabara.

Fikiria miaka hiyo. Mwaka 1942 dola moja inawapokea Tengeru wanawake waliong'olewa makwao usiku, inawapa vibanda, shule na maziwa ya watoto. Mwaka 1951, mwendo wa saa chache kutoka hapo, dola ile ile inawang'oa wenyeji wa wilaya iliyowapokea wageni. Siwalaumu Wapolandi hata chembe. Walikuwa wanaondoka wakati huo, na ardhi ya Engare Nanyuki hawakuipewa wao. Wala Waingereza sitawanyima haki yao: watoto wengi waliokoka kwa sababu ya Tengeru. Lakini siwezi kuisimulia habari ya wema huo nikaiacha hii kando, kwa sababu zote mbili zimepita kwenye lami moja na aliyeshika kalamu ni yule yule. Wameru walimtuma kijana wao Kirilo Japhet. Akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, Mtanganyika wa kwanza kuipeleka kesi ya ardhi yetu mpaka kule. Ardhi haikurudishwa papo hapo. Lakini aliporudi na kuzungukia watu akiwaeleza, vijana wengi waliokuja kujenga chama cha TANU walimsikiliza.

Maji ya Chai, Usa River, migomba ikaanza kufunga pande zote, hewa ikapoa. Tengeru.

Soko lilikuwa limefurika mpaka barabarani, mikungu ya ndizi imesimamishwa kama watu kwenye foleni. Nilinunua maji na kuuliza njia ya makaburi ya Wapolandi. Muuza nyanya hakushangaa. Alinyoosha mkono upande wa chuo cha mifugo, ng'ambo ya mashamba. Nilitembea. Siwezi kuiita hija, nilitembea chini ya nusu saa, ila sikutaka bodaboda.

Makaburi yamo ndani ya ukuta, getini kuna kufuli. Mzee anayeyatunza alikuja akifuta mikono.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na wageni?”

“Nimekuja mwenyewe.”

Alinitazama kidogo, kisha akafungua.

Kuna makaburi 149. Yamepangwa kwa mistari, misalaba ya zege, na juu yake majina ambayo mzee anayatamka yote bila kukosea, ł na ś na ż, kwa ulimi wa Kimeru. Wengi ni Wakatoliki, wapo Waorthodoksi, na wapo Wayahudi wenye nyota ya Daudi juu ya kaburi. Walihamishwa pamoja, wakazikwa pamoja. Nilikwenda nikisoma miaka. Mwingine alizaliwa karne ya kumi na tisa, chini ya mfalme wa Urusi au wa Austria, akaishi kuiona nchi yake ikifufuka 1918, akaipoteza tena 1939, akaja kufia chini ya Meru kwa malaria. Na kuna makaburi mafupi, ya watoto. Sikuyahesabu.

Mzee alinionyesha kwa kidole mahali kambi ilipokuwa, kuelekea ziwa Duluti. Vibanda vya duara, vimepakwa chokaa, vimeezekwa nyasi, safu kwa safu. Ilikuwa na hospitali, shule za msingi na sekondari, ufundi, muziki, shamba lake, na kanisa. Wale akina mama walipanda maua mbele ya vibanda kabla hata hawajajua watakaa muda gani. Mwanzoni waliamini ni miezi. Februari 1945, kwenye mkutano wa Yalta, mataifa makubwa yalikubaliana kwamba mashariki ya Polandi, walikotoka wengi wao, ibaki kwa Usovieti. Kambi ilipata habari hiyo kwa redio. Nyumba walizotolewa usiku zilikuwa sasa nchi nyingine.

Mmoja wa mapadre wao alikuwa Łucjan Królikowski, Mfransisko, mzaliwa wa 1919, ambaye naye alihamishwa hadi Siberia, akatoka na jeshi la Anders, akapewa upadre Beirut, akaletwa Tengeru. Mwaka 1949 kambi ilipokuwa inakaribia kufungwa, aliwasindikiza yatima wapatao 150 kwa meli hadi Italia, kutoka huko Ujerumani, kisha Kanada, ambako Askofu Mkuu wa Montreal alikubali kuwapokea. Serikali ya kikomunisti ya Warsaw ililalamika kwamba watoto wametekwa. Yeye alibaki nao Kanada, akawa mlezi wao hadi walipojitegemea. Alifariki 2019 akiwa na miaka 100. Wenzao wengine walikwenda Uingereza, Australia, Marekani. Wachache sana walibaki hapa hapa, wakazeeka, na wa mwisho wao amezikwa humu.

Huko Nyabyeya, karibu na Masindi, wakimbizi wenzao walijenga kanisa la mawe kwa heshima ya Maria Malkia wa Polandi, na Waganda wa sehemu hiyo husali humo hadi leo. Nalitamani sana kanisa hilo. Tengeru wametuachia ukuta huu na yaliyomo, na nilipokuwa nimesimama pale sikuona kwamba ni pungufu.

Kwenye mfuko nilikuwa na kadi niliyoinunua Jasna Góra, ile yenye uso na makovu. Nilikuwa nimepanga kuiweka juu ya kaburi la mwanamke yeyote mwenye umri wa yule wa dirishani. Nilizunguka mara mbili na kadi mkononi. Mzee aliniona.

“Ya Częstochowa hiyo,” alisema. “Watoto wao na wajukuu wanakuja nazo. Mvua inaziharibu. Nikizikuta bado nzima nazihifadhi ndani.”

Nikampa. Aliifuta kwa kiganja, akaiangalia, akaiingiza mfuko wa shati.

Nilimsimulia habari ya bibi na chane la ndizi. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kizingiti. Nilipomuuliza kama wazazi wake walikuwa na kumbukumbu yoyote ya Engare Nanyuki, alinyamaza kidogo, akasema mjomba wake alikuwa mmoja wa waliotolewa, na kwamba mpaka anakufa hakukubali kupita King'ori kwa miguu. Hatukuendelea. Ng'ombe wa chuo walikuwa wanalia kwa mbali, saa ya kukamuliwa.

Kabla sijaondoka aliniletea kitabu cha wageni. Nilikipekua: Warsaw, Kraków, Toronto, Melbourne, Chicago, Poznań, ukurasa kwa ukurasa. Nikaandika jina langu, tarehe, na kwenye safu ya mahali nilikotoka nikaandika Bomang'ombe.

Mzee akainamia kitabu, akasoma.

“Bomang'ombe hii ya hapa?”

“Hii hii ya hapa, baba.”

Alichukua kalamu mkononi mwangu na kuongeza mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo, neno Hai.